Miguu tunayo, baiskeli tunazo, Dodoma bado maji tu

SHABIKI wa soka wa Dodoma ana ratiba yake. Walima Zabibu wakicheza Jamhuri saa 10 jioni, yeye saa 8 mchana keshafika. Wakija Simba au Yanga, huyo anaondoka nyumbani asubuhi. Atakaa juani, atasimama, atapiga kelele hadi sauti ikauke, na usiku atamwambia mkewe amechoka utadhani ndiye aliyecheza namba 6. Kesho yake kijiweni anatoa hukumu: yule beki mzigo, dakika ya 60 pumzi imekata.

Leo tunaomba tumgeuzie swali. Ndugu shabiki, na wewe pumzi yako ikoje?

Hatuulizi kwa kejeli. Tunauliza kwa sababu kuna mchezo ambao mtu wa kawaida, mwenye kazi yake na kitambi chake kidogo, anaweza kuumaliza ndani ya muda unaokaribia ule wa mechi moja pamoja na mapumziko. Haumdai awe na kipaji cha kuzaliwa nacho. Haumdai hata ashinde. Unamdai amalize tu. Mchezo huo unaitwa triathloni: unaogelea, ukitoka majini unapanda baiskeli, ukishuka unakimbia, na saa haisimami hata mara moja.

Msimamo wetu ni huu. Mtu wa kanda ya kati, awe wa Dodoma mjini, Kongwa, Manyoni au Ikungi, ana mafungu mawili kati ya hayo matatu. Kukimbia anakujua na baiskeli anaijua. Fungu moja linamshinda, nalo ni maji. Na fungu hilo, tofauti na hayo mengine, halimnyimi medali tu. Siku nyingine linamnyima uhai. Ndiyo maana tunaliweka jambo hili kwenye kurasa za michezo, tena mbele ya watu wa mpira, kwa sababu watu wa mpira ndio wengi na wakisema jambo linasikika.

MCHEZO WENYEWE

Triathloni si mchezo wa kale. Mashindano ya kwanza yenye jina hilo na mpangilio unaofanana na wa leo yalifanyika San Diego, Marekani, Septemba 25, 1974, yakiandaliwa na wakimbiaji waliotaka kubadilisha mazoezi kidogo. Miaka minne baadaye, Februari 1978, kikundi cha watu 15 kilianza safari kule Hawaii katika mbio walizoziita Ironman: kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za baiskeli, kisha marathoni nzima. Waliomaliza ni 12. Kwenye Olimpiki mchezo huu uliingia Sydney mwaka 2000.

Sasa usitishike na hizo kilomita 180. Huko ni Ligi ya Mabingwa, na hakuna anayeanzia Ligi ya Mabingwa. Anayeanza ana madaraja yake. Daraja linaloitwa sprinti ni mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za kukimbia. Chini yake kuna daraja dogo zaidi, ambalo kwa kawaida ni kama mita 400 majini, kilomita 10 za baiskeli na 2.5 za miguu.

Piga hesabu. Mtu mzima aliyejiandaa miezi mitatu bila papara anaweza kuchukua dakika 20 hadi 25 majini, dakika 50 hadi 60 juu ya baiskeli, na dakika 30 hadi 40 kwa miguu. Jumla ni saa 2 hivi. Mechi yenye mapumziko na dakika za majeruhi inakula karibu saa 2 pia. Muda uleule unaoutumia kumlaumu kiungo mkabaji unakutosha kuwa mwanamichezo wewe mwenyewe.

MAFUNGU MAWILI TUNAYO

Tuanze na miguu. Kwenye miguu uwanda huu wa kati hauna cha kujifunza kwa mtu. Juma Ikangaa alizaliwa Dodoma mwaka 1957. Mwaka 1982 alichukua fedha ya marathoni kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Brisbane. Boston alimaliza wa pili mara 3 mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na ile ya 1988 alizidiwa kwa sekunde 1 tu na Mkenya Ibrahim Hussein. Mwaka 1989 akaenda New York na kushinda kwa saa 2:08:01. Rekodi hiyo ya njia ya New York ilikaa hadi 2001. Miaka 12, jamani.

Sogea jirani kwa Walima Alizeti. Alphonce Simbu ni mtoto wa Ikungi, Singida. Septemba 15, 2025 mjini Tokyo aliingia uwanjani na Mjerumani Amanal Petros bega kwa bega, wote wakapewa saa 2:09:48, ikabidi picha ya mstari wa mwisho iamue. Simbu alishinda kwa sekunde 0.03. Ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano ya dunia ya riadha. Kama wewe ni mtu wa VAR, hiyo ndiyo VAR yenyewe.

Wapo watakaosema hao ni wanajeshi na ni wa kuzaliwa hivyo. Sawa. Lakini nani kati yetu aliyesoma shule ya msingi hapa nchini hajapiga mchakamchaka alfajiri, pekupeku, akiitikia wimbo? Nani hajui klabu za jogging za Jumamosi, zinazozunguka mitaa ya Dodoma na fulana za rangi moja, na maveterani wa mpira wakiwa mbele? Mbio za NBC Dodoma Marathon kila mwaka zinakusanya watu wa kila umri, wengi wao wakikimbia kilomita 5 na 10 kuchangia mapambano dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Hao si akina Ikangaa. Ni karani, ni mwalimu, ni mama lishe, ni dereva wa bodaboda. Wanamaliza.

Baiskeli nayo si mgeni. Kwenye vijiji vya Bahi, Chamwino na Manyoni baiskeli imebeba maji, mkaa, magunia ya mtama na wagonjwa kabla ya bodaboda kuzaliwa. Leo mjini tuna lami pana ambayo zamani hatukuwa nayo, na barabara ya mzunguko wa nje peke yake ina urefu wa kilomita 112.3. Majirani zetu wa Rwanda walionyesha kinachowezekana: Septemba 2025 Kigali ilikuwa mji wa kwanza Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, na watu walijaa kando ya njia kama siku ya fainali ya kombe.

Rwanda haohao, kwenye mji wa Rubavu ufukweni mwa Ziwa Kivu, tangu Agosti 2022 wanaandaa Ironman ya nusu: kilomita 1.9 majini, 90 za baiskeli na 21.1 za miguu. Hiyo si ya anayeanza, lakini ni ushahidi kwamba mchezo huu haujaandikiwa Wazungu peke yao. Na Olimpiki ya Rio 2016 ilikwishalimaliza swali hilo pale Henri Schoeman wa Afrika Kusini alipochukua shaba.

FUNGU LA TATU

Tatizo letu liko wazi kwa yeyote anayeitazama ramani. Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na iko mbali na bahari na maziwa makubwa. Mvua inanyesha miezi michache, mito ni makorongo ya mchanga sehemu kubwa ya mwaka. Mtoto wa hapa anakua akiyajua maji kwenye ndoo na kwenye dumu. Hana Coco Beach wala Forodhani ya kurukia majini wenzake wakimshangilia.

Halafu mvua zinakuja. Mashimo yaliyochimbwa mchanga na kokoto yanajaa, malambo yanajaa, korongo lililokuwa kavu asubuhi linashuka na maji jioni. Watoto wanakwenda kucheza mahali ambapo jana palikuwa uwanja wa chandimu. Kila msimu wa mvua nchini zinasikika taarifa za watoto waliozama kwenye shimo ambalo halina hata jina. Hawakuwa wavuvi na hawakuwa safarini. Walikuwa wanacheza tu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 hivi walikufa kwa kuzama mwaka 2021, na zaidi ya tisa kati ya kila kumi ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Sisi Watanzania hatuhitaji kuhesabiwa na mtu. Tunaikumbuka Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na mamia kwa mamia ya ndugu zetu. Tunaikumbuka Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu kabisa na gati la Ukara na kuua watu zaidi ya 220. Kuogelea kusingeweza kuwaokoa wote. Meli ikijaa kupita kiasi tatizo linaanzia kwa aliyeijaza. Lakini mtu anayejua kuelea na kutulia majini dakika 10 ana nafasi ambayo asiyejua hana kabisa.

Ndiyo maana tunasema anayejiandaa kwa triathloni yake ya kwanza, hata akimaliza wa mwisho, amejinunulia kitu kuliko medali. Amejifunza kutokufa majini, na akirudi nyumbani atawafundisha wanawe.

ASIYEJUA ANAWEZA KUJIFUNZA

Shabiki wetu atauliza: mtu wa miaka 35, sijawahi kuingia kwenye maji yaliyopita kiuno, leo hii nianze?

Mkumbuke Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta. Sydney 2000, Olimpiki ileile ambayo triathloni iliingia kwa mara ya kwanza, huyu bwana alifika kuogelea mita 100 mtindo huru. Alikuwa amejifunza kuogelea miezi michache tu kabla, kwenye bwawa dogo la hoteli nchini kwake. Wenzake wawili wa kundi lake walitolewa kwa kuanza kabla ya filimbi, akabaki peke yake bwawani dunia nzima ikimtazama. Mita za mwisho alikuwa kama anazama. Uwanja mzima ukasimama kumshangilia. Akagusa ukuta kwa dakika 1:52.72, muda zaidi ya mara mbili wa bingwa. Walimcheka wengi. Lakini mwaka 2012 alikuwa kocha wa timu ya taifa ya kuogelea ya nchi yake.

Tunaitoa hadithi hiyo kwa sababu bwawa dogo la hoteli hata Dodoma lipo. Kwa anayeanza linatosha. Bwawa likiwa la mita 25, mita 400 ni kwenda na kurudi mara 8. Likiwa fupi zaidi, utazunguka mara nyingi zaidi, basi.

Kinachomshinda mtu mzima majini si mikono, ni pumzi na woga. Anaingia, anabana pumzi, anapigana na maji kama anapigana na mwizi, baada ya mita 15 yuko hoi. Wiki za kwanza usitafute mwendo. Shika ukingo, zamisha uso, toa pumzi taratibu chini ya maji, inua kichwa pembeni, vuta. Rudia hadi uchoshwe nalo. Ukilizoea hilo, jifunze kuelea chali. Halafu ndipo uanze kusogea. Na usifanye hayo peke yako hata siku moja. Awepo anayejua, na awepo wa kukutazama kutoka juu.

Jambo moja la kumtuliza mwoga: kanuni za mchezo huu ziko upande wake. Kwenye triathloni unaruhusiwa kuogelea mtindo wowote, ukipenda chura, ukipenda chali. Ukichoka unaruhusiwa kushika boya au boti ya waokoaji iliyosimama upumzike, alimradi usiitumie kusogea mbele. Hakuna kadi kwa kupumzika.

Na lazima tuseme upande wa pili bila kuficha. Utafiti uliofuatilia mashindano ya Marekani kuanzia 1985 hadi 2016 ulihesabu watu 135 waliofariki au mioyo yao kusimama ghafla, na 90 kati yao ilikuwa wakati wa kuogelea. Ukilinganisha na mamilioni walioshiriki, ni wachache sana, lakini ujumbe uko palepale: sehemu ya kuheshimu ni maji. Mwenye presha, mwenye sukari, mwenye umri uliopita 40 na hajafanya mazoezi miaka, apitie kwanza kwa daktari. Hilo ni sawa na timu kupima wachezaji kabla ya kusajili.

BAISKELI, JUA NA MBIGILI

Kwenye baiskeli usihangaike na ile ya mamilioni. Baiskeli yoyote nzima, breki zinashika, tairi zimejaa, inakufikisha. Mpelekee fundi wiki moja kabla, siyo usiku wa kuamkia mashindano. Kanda yetu ina adui wake anaitwa mbigili. Ukitoka nje ya lami mita chache, umepigwa pancha. Jifunze kubadili tyubu mwenyewe na utembee na pampu. Helmeti ni lazima, na kanuni inasema uifunge kidevuni kabla hujaigusa baiskeli. Usipofunga, adhabu.

Kati ya mchezo na mchezo kuna eneo la kubadilishia vifaa. Kocha wa mpira anafanya sub kwa kumtoa mtu na kumwingiza mwingine. Hapa unajifanyia sub mwenyewe: anatoka mwogeleaji, anaingia mwendesha baiskeli, anatoka huyo, anaingia mkimbiaji, na wote ni wewe. Panga vitu vyako kwa utaratibu uleule utakaovitumia. Wengi wanapoteza dakika 5 wakitafuta soksi.

Ukishuka kwenye baiskeli utashangaa. Miguu itakuwa mizito kama ya mtu mwingine, magoti hayasikii amri. Usiogope, ni kawaida ya mchezo, misuli inahama kazi. Ndiyo maana mazoezi ya lazima kila wiki ni kuendesha kisha kukimbia palepale hata kilomita 1 tu, mwili uzoee. Ndani ya dakika chache inaachia.

Jua la Dodoma ni mpinzani wa tatu baada ya woga na mbigili. Hewa kavu na upepo vinaukausha mwili na jasho hulioni, ukidhani hutoki jasho. Kunywa maji kabla kiu haijakukamata, anza alfajiri, na jua mwendo wako. Mwaka 2016, Cozumel nchini Mexico, mwanariadha wa Uingereza Jonathan Brownlee alikuwa anaongoza mashindano ya mwisho ya msimu, ubingwa wa dunia ukiwa mbele yake. Zikiwa zimebaki mita mia kadhaa tu, joto likamwangusha, akawa anayumba kama mlevi. Kaka yake Alistair, bingwa wa Olimpiki, aliyekuwa na nafasi ya kushinda, akamshika bega, akamkokota hadi mwisho na kumsukuma mbele yake avuke mstari. Schoeman, yule wa Afrika Kusini, ndiye akashinda siku hiyo. Kama joto linamwangusha mtu wa aina ile, karani wa Dodoma asilichezee.

TUNACHOKIOMBA

Hadi hapa tumezungumza na shabiki. Sasa tuzungumze na wenye mamlaka, kwa sababu shabiki hawezi kujichimbia bwawa.

Dodoma ni makao makuu ya nchi. Treni ya SGR inafika, wizara zimehamia Mtumba, chuo kikuu kiko Chimwaga, mji unapanuka kila siku. Mtoto wa Dodoma bado hana bwawa la umma ambapo angeingia kwa nauli ya daladala akafundishwa kuogelea. Mabwawa yaliyopo ni ya hoteli na ya wenye nacho. Mtera siyo jibu, kule wenyeji wa majini ni mamba na viboko, na malambo yetu yana kichocho. Kumwambia mtu akajifunze huko ni kumpoteza.

Tunajua pingamizi litakalokuja, na ni pingamizi halali: mji huu una mgawo wa maji, mama anasubiri bomba litoke usiku wa manane, halafu gazeti linataka bwawa la kuchezea?

Tupige hesabu kama watu wazima. Bwawa la mita 25 kwa 12.5, lenye kina cha wastani cha mita 1.3, linabeba lita kama 406,000. Ni maji mengi. Lakini maji hayo huchujwa na kutumika tena na tena, hayamwagwi kila wiki. Jua litakula kiasi, utaongeza, na ukilifunika usiku litakula kidogo zaidi. Sasa chukua uwanja wa mpira wa nyasi za asili, mita 105 kwa 68. Ukiunywesha milimita 5 tu, umemwaga zaidi ya lita 35,000. Mara 12 za kunywesha hivyo zinazidi maji ya kulijaza bwawa lote. Hatujawahi kusikia mtu akisema viwanja vya mpira vifungwe kwa sababu ya mgawo, na sisi hatusemi hivyo. Tunasema tu kwamba kama nyasi zinastahili maji hayo, watoto nao wanastahili.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne.

Kwanza, Halmashauri ya Jiji na Wizara wanapochora eneo lolote jipya la michezo Dodoma, na tukielekea AFCON ya 2027 yatachorwa mengi, bwawa la mafunzo la mita 25 liwemo kwenye mchoro tangu siku ya kwanza. Lisiachwe kwa ahadi ya awamu ya pili. Tunazijua awamu za pili.

Pili, bwawa hilo liwe na mwalimu na mwokoaji wanaolipwa, na liwe na saa zake za watoto wa shule na saa za wanawake peke yao. Wako wakina mama wengi wangependa kujifunza, lakini hawako tayari kuingia majini mbele ya vijana wenye simu. Wasikilizwe. Mama akijua kuogelea, nyumba nzima imejua.

Tatu, wakati bwawa linasubiriwa, Baraza la Michezo la Taifa, Chama cha Kuogelea, chama cha baiskeli CHABATA na Riadha Tanzania wakae meza moja. Waanze na duathloni hapa Dodoma, yaani kukimbia, baiskeli, kukimbia tena. Hiyo haihitaji tone la bwawa. Barabara ifungwe asubuhi moja ya Jumapili, kuanzia saa 12 hadi saa 3, polisi wa usalama barabarani na gari la wagonjwa wawepo. Watu wakizoea, hatua inayofuata ni triathloni ndogo yenye kuogelea kwenye bwawa, watu wanaingia kwa makundi. Tusikimbilie ziwani ili tupate picha nzuri.

Nne, klabu za soka zishike usukani. Matawi ya Simba na Yanga mkoani hapa yana watu, yana mabasi, yana magoma na yana utani. Tawi la Msimbazi likitoa watu 10 wa kujifunza kuogelea, Wananchi hawatalala hadi watoe 11. Utani huo umejaza viwanja miaka yote. Safari hii uzae kitu ambacho mtu anaondoka nacho mwilini mwake. Na kama tawi lina kijana aliyekulia Mwanza, Kigoma, Tanga au Unguja, huyo anayajua maji tangu utotoni. Awe wa kwanza kuwashika wenzake mkono, mwalimu wa cheti akisimamia.

Kuna atakayesema kanda ya kati isubiri kwanza ipate bingwa wa kuogelea ndipo ijengewe. Hapo ni kuweka gari mbele ya punda. Ikangaa hakusubiri njia ya kukimbilia ijengwe, lakini yeye alihitaji ardhi tu, na ardhi tunayo. Maji yanahitaji mtu ayaweke mahali salama kwanza.

Wewe shabiki usisubiri uzinduzi wala utepe wa kukata. Wiki hii tafuta anayejua, ingia kwenye maji ya kifuani, zamisha uso, toa pumzi. Jumamosi kimbia na klabu ya mtaani kwenu. Jumapili itoe baiskeli stoo, ipeleke kwa fundi. Baada ya miezi mitatu utakuwa mtu mwingine, na ukirudi Jamhuri kumtazama yule beki wa dakika ya 60, utamhukumu ukijua kinachomsibu.

Na sisi tuna ahadi yetu. Siku Dodoma itakapoandaa triathloni yake ya kwanza ya wanaoanza, ukurasa huu utachapisha majina ya wote waliovuka mstari, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na muda wa kila mmoja. Wa mwisho tutamtafuta ili atuambie alijifunzia wapi kuogelea.